Wimbo umevuka mpaka, mirabaha imekwama: teknolojia na pesa za muziki kutoka Majanji hadi kwenye makazi ya wakimbizi

UCHAMBUZI

Jioni ya kawaida katika mwalo wa Majanji, wilaya ya Busia, muziki unatoka kila upande. Spika ya baa inapiga Bongo Fleva. Kibanda cha kuchaji simu kinapiga wimbo wa Kisamia. Mvuvi anayeshona nyavu ana redio ndogo iliyoshika kituo cha Kenya, ng'ambo ya maji. Kijana aliyekaa juu ya boda anatazama video ya TikTok. Wote wanne wanatumia kazi ya mtu fulani. Nani kati ya wenye nyimbo hizo atalipwa, na pesa zitamfikia kwa njia gani?

Zamani jibu lilitegemea karatasi na makadirio. Leo kuna mashine zinazoweza kuhesabu kila mara wimbo unapochezwa redioni au kwenye simu. Watu wengi walidhani kwamba hilo peke yake litamaliza kilio cha wanamuziki. Halijamaliza. Mashine humlipa yule ambaye jina lake liko kwenye mfumo, hata kama hakuimba neno moja. Kwa mwanamuziki wa mpakani, na zaidi kwa mkimbizi, tatizo limehama mahali. Wimbo wake sasa unasikika na unahesabiwa, lakini hesabu inaandikwa kwa jina la mtu mwingine au haina jina kabisa.

Makala haya yanaeleza jinsi mambo yalivyobadilika, mahali pesa zinapopotelea, na hatua ambazo mwanamuziki au mwenye biashara anaweza kuchukua bila kusubiri mradi wowote.

Wimbo mmoja, wadai watatu

Tuanze na msingi, kwa sababu ugomvi mwingi studio unaanzia hapa. Wimbo mmoja una haki zaidi ya moja. Kuna mtunzi, aliyebuni maneno na sauti. Kuna mwimbaji na wapigaji, waliotoa sauti na kupiga vyombo. Kuna pia mwenye rekodi, yaani aliyegharamia kurekodi, mara nyingi prodyuza au studio. Mtu mmoja anaweza kuwa yote matatu. Lakini kama dada alitunga, kaka akaimba na studio ikarekodi kwa mkopo, basi wapo wadai watatu, na kila mmoja ana sehemu yake.

Haki ya mtunzi inaitwa hakimiliki. Haki za waimbaji na wenye rekodi zinaitwa haki shiriki. Malipo yanayotokana na matumizi ya wimbo ndiyo mirabaha. Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shiriki ya mwaka 2006, na Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 ambayo imerekebishwa mara kadhaa. Katika nchi zote mbili haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Inaanza pale kazi inapowekwa kwenye umbo la kudumu, kama rekodi au maandishi, hata kama hujaisajili popote. Kusajili ni ushahidi. Inakusaidia pale mtu mwingine anapodai wimbo ni wake.

Kwa kuwa mwanamuziki mmoja hawezi kuzunguka kila baa na kila redio akidai chake, vipo vyama vya kukusanya mirabaha kwa niaba ya wanachama. Uganda kuna UPRS, iliyoanzishwa 1985, na msimamizi wa hakimiliki ni ofisi ya usajili ya serikali, URSB. Kenya kwa miaka mingi kulikuwa na MCSK kwa watunzi, KAMP kwa wenye rekodi na PRISK kwa waimbaji na wapigaji, chini ya usimamizi wa KECOBO. Tanzania kazi hiyo kwa miaka mingi ilifanywa na COSOTA, iliyozaliwa na sheria ya 1999. Kongo kuna SOCODA, iliyochukua nafasi ya SONECA mwaka 2011.

Enzi ya karatasi

Kabla ya mashine, redio ilitakiwa kuandika orodha ya nyimbo ilizopiga: jina la wimbo, msanii na saa. Redio nyingi hazikuandika, au ziliandika nyimbo maarufu peke yake. Baa, hoteli na matatu zililipa ada moja kwa mwaka kulingana na ukubwa wa biashara, bila kutaja wimbo hata mmoja. Chama kikawa na fungu la pesa, lakini hakikuwa na hesabu ya kuaminika ya nani alipigwa mara ngapi.

Matokeo yake Wakenya wanayakumbuka. Mwaka 2019 MCSK iligawa pesa kwa wanachama wake na wengi walipata kiasi kilekile, kama shilingi 2,500 za Kenya kila mmoja, awe anapigwa redioni kila siku au awe hajulikani kijijini kwake. Wasanii wakubwa walipaza sauti mitandaoni. Hasira yao ilikuwa ya haki, ingawa hata kwa nia njema kabisa chama kisicho na hesabu hakina namna nzuri ya kugawa.

Enzi hiyo ilituachia somo jingine. Wimbo "Malaika" unajulikana dunia nzima, na Miriam Makeba na Boney M. ni baadhi tu ya waliourekodi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ndiye aliyejulikana kama mwenye wimbo, lakini wapo waliosema mtunzi ni Adam Salim wa Tanganyika. Wahusika wamefariki na ubishi haujaisha. Wimbo unaoanza bila maandishi ya nani alifanya nini hubaki na ubishi huo hata ukipendwa na dunia nzima. Wanamuziki wa leo wanarudia kosa hilo kila wanapotoka studio bila karatasi.

Mashine inasikiliza, lakini kwanza inataka kukujua

Teknolojia ya leo inafanya kazi hivi. Kompyuta inasikiliza matangazo ya redio au sauti ya video, kisha inatengeneza alama ya sauti, mfano wa alama ya kidole. Inalinganisha alama hiyo na hazina kubwa ya rekodi zilizokwisha kuwekwa. Zikifanana, inaandika: wimbo fulani, kituo fulani, saa fulani, sekunde kadhaa. YouTube ina mfumo wa aina hii tangu 2007, unaoitwa Content ID. Mtu akiweka video yenye wimbo wako, mfumo unaweza kuutambua na kuelekeza pesa za matangazo kwako.

Neno muhimu hapo ni "hazina". Rekodi ambayo haimo haitambuliwi. Ikiwa imewekwa kwa jina la mtu mwingine, mtu huyo ndiye anayetambuliwa.

Ili kutofautisha rekodi moja na nyingine, dunia ya muziki inatumia namba ya ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Kila rekodi ina yake. Utunzi nao una namba yake, ISWC. Kwa mwanamuziki wa mwaloni mambo haya yanaweza kuonekana ya mbali, lakini ISRC ni kama namba ya usajili ya pikipiki. Pikipiki isiyo na namba inatembea barabarani kama nyingine, ila ikiibiwa mwenyewe ana kazi ya kueleza.

Kuna hatari nyingine ambayo vijana wa studio ndogo wanaijua. Wanapakua biti kutoka intaneti, biti hiyohiyo ambayo watu mamia wamepakua. Mmoja wao akiiweka kwenye mfumo wa utambuzi kwanza, nyimbo za wengine zote zinaweza kuonekana kama zake. Utaimba wewe, kwa lugha yako, halafu YouTube itakuletea taarifa kwamba wimbo una mwenyewe. Kama unatumia biti ya kupakua, soma masharti yake na uhifadhi risiti au barua ya ruhusa.

Simu imekuwa duka

Afrika Mashariki simu ilianza kulipa wanamuziki kupitia mlio anaousikia mtu anapokupigia. Safaricom ilianzisha Skiza mwaka 2009, na kampuni za Uganda zina huduma kama hiyo. Kila anayechukua wimbo wako anakatwa pesa kidogo. Ugomvi umekuwa juu ya nani anakula nini. Kenya ilijibu kwa sheria: marekebisho ya 2022 yanasema mwenye wimbo apate si chini ya asilimia 52, kampuni ya simu asilimia 39.5, na kampuni ya kati inayopeleka nyimbo asilimia 8.5. Uganda nako mgawo wa milio ya simu umekuwa katikati ya mjadala wa kurekebisha sheria ya 2006.

Faida ya milio ni kwamba pesa zinatoka kwa msikilizaji moja kwa moja na hesabu ipo wazi kwenye kompyuta ya kampuni. Ubaya ni kwamba kampuni ya simu kwa kawaida haipokei wimbo kutoka kwako. Inaupokea kutoka kwa kampuni ya kati, na hiyo ya kati inamjua aliyesaini nayo. Kama aliyesaini ni prodyuza wako, yeye ndiye atakayelipwa kwanza. Kilichobaki ni makubaliano yenu.

Halafu zikaja programu za kusikiliza. Mdundo ilianzia Kenya na inaruhusu kupakua nyimbo bure, huku ikipata pesa kwa matangazo. Boomplay ilikuja ikiwa ndani ya simu za TECNO, ambazo watu wengi wa kipato cha chini wanazo. Spotify ilifunguliwa Kenya, Uganda na Tanzania Februari 2021.

Watu wengi hudhani kila mchezo mmoja wa wimbo una bei maalumu. Sivyo. Spotify hukusanya mapato ya mwezi katika nchi, hutoa karibu theluthi mbili kwa wenye haki, kisha hugawa kulingana na sehemu ya kila wimbo katika michezo yote. Ada ya mwezi Uganda ni ndogo kuliko ya Marekani, na wengi wanatumia bure kwa kusikiliza matangazo. Kwa hiyo mtu mmoja akisikiliza akiwa Marekani anaweza kukuletea zaidi ya watu kadhaa wakisikiliza hapa. Kwa wanamuziki wakimbizi hili lina maana kubwa. Ndugu waliohamishiwa Marekani, Kanada au Australia, wanaotaka kusikia Kinyabwisha, Kibembe au Kiswahili cha nyumbani, ndio wasikilizaji wanaolipa zaidi.

Lakini kuna kizingiti. Tangu 2024, wimbo unaopata chini ya michezo 1,000 katika miezi 12 haulipwi chochote na Spotify kwa upande wa rekodi. YouTube nayo, ili ulipwe sehemu ya matangazo, kwa kawaida inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka. Kwa msanii wa Kampala au Nairobi hizo si namba kubwa. Kwa anayeimba Kisamia au Dhopadhola, lugha zenye wasemaji wachache na ambao wengi hawana bando la kila siku, ni ukuta. Masharti hayakuandikwa dhidi ya lugha ndogo, ila yanaziumiza kuliko nyingine.

Bando lenyewe ni sehemu ya hadithi. Uganda ilitoza shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii kuanzia Julai 2018, kisha mwaka 2021 ikaondoa tozo hiyo na kuweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Mtu anayehesabu shilingi za bando hachezi wimbo mtandaoni mara kumi. Anautafuta mara moja, anautunza kwenye simu, na kuanzia hapo hakuna mashine inayomhesabu.

Memori kadi haina sikio

Hapa ndipo teknolojia mpya inakutana na maisha ya mwaloni. Wavuvi hawasikilizi Spotify usiku katikati ya ziwa. Wanapeleka memori kadi au flashi kwenye kibanda chenye kompyuta, wanalipa kidogo, na kijana anawajazia nyimbo mia. Hali ni hiyohiyo Nakivale, Kyangwali na Kakuma. Kijana wa kibanda anapata riziki, msikilizaji anapata muziki, na mwenye wimbo hapati kitu.

Ni rahisi kusema kibanda kinaiba. Kwa sheria, kunakili na kuuza bila ruhusa ni kosa. Lakini kibanda hicho ndicho pia kinachofanya wimbo wa Majanji ufike Lumino na Sio Port bila redio. Nchi kadhaa zimejaribu njia nyingine, ya kutoza asilimia ndogo kwenye vifaa vya kunakilia na kuhifadhia muziki, kisha pesa zigawiwe wasanii. Tanzania ni mojawapo. Njia hiyo inarudisha swali letu la mwanzo: pesa zikishakusanywa, zitagawiwa kwa orodha ipi? Asiye kwenye orodha amekosa mara mbili.

Mpaka mmoja, vyama viwili

Wasamia wako Majanji na Lumino upande wa Uganda, na Funyula na Sio Port upande wa Kenya. Wateso wako Tororo na wako Amagoro. Wimbo hauulizwi pasi. Mwanamuziki wa Majanji anaweza kurekodi Busia ya Kenya kwa sababu studio ni nafuu siku hiyo, kisha akapigwa na kituo kama Mulembe FM kinachosikika pande zote mbili.

Sheria ya hakimiliki, hata hivyo, inaishia mpakani. Redio inalipa katika nchi inakorusha matangazo. Pesa za kupigwa Kenya zinakusanywa na chama cha Kenya, na za Uganda na chama cha Uganda. Vyama vya namna hii hufanya kazi kwa mikataba ya kuwakilishana: chama cha huku kinakusanya kwa ajili ya mwanachama wa kule na kumpelekea kupitia chama chake. Ili hilo litokee, chama cha Kenya lazima kiuone wimbo wako kwenye orodha ya chama cha Uganda, ukiwa na jina lililoandikwa vilevile. Jina likiwa "Ouma" hapa na "Oouma" kule, au jina la jukwaani huku na la kwenye kitambulisho kule, pesa zinaweza kukaa kwenye fungu la "hazijatambuliwa" hadi zigawiwe wengine.

Na kuna uzito wa kibinadamu ambao mashine haiwezi kuutatua. Kenya imekuwa na mivutano ya leseni ya mara kwa mara. Mwaka 2017 KECOBO ilitoa leseni kwa MPAKE badala ya MCSK, na mwaka 2025 PAVRISK iliingia huku MCSK ikivutana tena na mdhibiti. Wakati vyama vinavutana, mwenye hoteli anauliza amlipe nani, na wengine hutumia mkanganyiko huo kutolipa kabisa. Programu nzuri ya kuhesabu haisaidii kama hakuna anayeingiza pesa, au kama anayezigawa haaminiki.

Mkimbizi ana haki gani?

Ana haki kamili, na wengi hawajui. Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 14, unasema kwamba katika nchi anayoishi, mkimbizi apewe ulinzi uleule wanaopewa raia juu ya kazi za fasihi, sanaa na sayansi. Unaendelea kusema kwamba akiwa na kazi yake katika nchi nyingine ya mkataba, alindwe huko kama anavyolindwa raia wa nchi anayoishi. Kenya ilijiunga na mkataba huo 1966 na Uganda 1976. Kwa maneno mengine, mkimbizi Mkongo anayeishi Nakivale, wimbo wake ukipigwa Kenya, anatakiwa kuhesabiwa sawa na Mganda. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya 2006 nayo inataja haki za ubunifu. Uganda pia ilijiunga na Mkataba wa Berne wa hakimiliki mwaka 2022, mkataba ambao Kenya imo tangu 1993.

Watu wa mpaka huu wanaelewa kwamba hali ya ukimbizi inaweza kumfikia yeyote. Mwanzoni mwa 2008 Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka Busia na Malaba, wakapokelewa Mulanda, Tororo, kisha wengi wakapelekwa Kiryandongo. Walikuja na nyimbo zao pia.

Haki ipo kwenye karatasi. Kikwazo ni milango inayotakiwa kupitiwa. Mfumo wa kidijitali unauliza mambo matatu: wewe ni nani, namba yako ni ipi, pesa zitumwe wapi. Mkimbizi anaweza kukwama kwenye kila moja. Mwaka 2019 tume ya mawasiliano ya Uganda, UCC, ililegeza masharti ili mkimbizi asajili laini kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Hilo lilifungua mobile money kwa wengi. Lakini kampuni za nje zinazosambaza nyimbo kwenye Spotify na nyinginezo mara nyingi zinataka kadi ya benki kulipia ada, na zinalipa kwa benki.

Ndiyo maana wengi wanapitia kwa mtu: prodyuza, rafiki mwenye akaunti, ndugu aliye ughaibuni. Hakuna ubaya kupitia kwa mtu. Ubaya ni kupitia bila maandishi. Tuseme kijana wa Kyangwali anampa rafiki yake wimbo aupandishe. Rafiki anajaza fomu haraka na kuweka jina lake mwenyewe kama mtunzi na kama mwenye rekodi, kwa sababu akaunti ni yake. Mwaka unapita, wimbo unapendwa, rafiki anahamishiwa nchi ya tatu. Pesa zinamfuata huko. Hakuna aliyekusudia wizi siku ile, lakini kurekebisha jina sasa kunahitaji kibali cha mtu aliye mbali, na kijana hana hata ujumbe mmoja wa kuthibitisha makubaliano yao.

Upande wa wenye biashara

Baa, saluni, ukumbi wa video, hoteli na gari la abiria vinavyopiga muziki kuvutia wateja vinatakiwa kuwa na leseni, huko mjini na hata ndani ya makazi ya wakimbizi. Wengi wanaiona kama kodi nyingine. Kwa haki yao, wamewahi kuona watu wakija na vitabu vya risiti visivyoeleweka. Hapa teknolojia imesaidia: malipo mengi sasa yanaweza kupitia benki au simu, na yanaacha alama. Usimpe mtu pesa mkononi. Omba kitambulisho chake, jina la chama na leseni ya chama hicho, kisha uthibitishe na URSB kwa upande wa Uganda au KECOBO kwa upande wa Kenya. Biashara iliyo Busia ya Uganda inalipa Uganda. Biashara iliyo Busia ya Kenya inalipa Kenya. Jina la mji kufanana lisikuchanganye.

Mashirika nayo yanahusika. Shirika likitaka wimbo wako kwa tangazo la afya au kampeni ya shule, ni heshima, lakini ni matumizi ya kazi yako. Omba barua inayosema wimbo utatumika wapi, kwa muda gani, na kwa malipo gani, hata kama umekubali kutoa bure.

Unachoweza kufanya sasa

1. Andikeni mgawo kabla ya kutoka studio. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, tarehe, nani alitunga, nani aliimba, nani alirekodi, kila mmoja asilimia ngapi. Wote wasaini, kila mmoja apige picha. Kama mmoja hajui kusoma, asomewe mbele ya shahidi.

2. Chagua namna moja ya kuandika jina lako, inayolingana na kitambulisho chako, na uitumie kila mahali. Jina la jukwaani liandikwe pembeni yake.

3. Hifadhi rekodi za awali. Sauti uliyojirekodi kwenye simu siku unatunga, ujumbe wa WhatsApp na risiti ya studio vyote ni ushahidi wa tarehe.

4. Jiunge na chama cha mirabaha cha nchi unayoishi, na usajili kila wimbo, si wewe peke yako. Mwanachama asiye na nyimbo kwenye orodha halipwi. Uliza wanapokea kitambulisho gani kutoka kwa mkimbizi, na uombe jibu kwa maandishi.

5. Omba namba ya ISRC ya kila rekodi kutoka kwa aliyepandisha wimbo wako, na picha ya ukurasa unaoonyesha jina la mtunzi na mwenye rekodi. Fanya hivyo wiki ileile, wakati bado mnaelewana.

6. Usisaini karatasi inayosema "haki zote, milele" kwa sababu ya pesa ya siku moja. Kutoa ruhusa ya mwaka mmoja na kuuza wimbo moja kwa moja ni mambo mawili tofauti.

7. Kwa nyimbo za jadi, za matanga, za harusi, za akogo au adeudeu: wimbo wa jamii si wako kuusajili kama utunzi. Unachoweza kudai ni namna ulivyoupanga upya na rekodi uliyofanya. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa na sanaa za jadi za jamii. Kabla ya kurekodi, waulize wazee.

Hatua hizi hazitamtajirisha mtu kesho. Msanii anayeimba lugha ndogo ataendelea kupata zaidi kwenye harusi na matamasha kuliko kwenye programu za simu. Lakini nyimbo huishi muda mrefu kuliko matamasha, na sheria inalinda mirabaha miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi. Mtoto wa mwanamuziki aliye Majanji au Kiryandongo leo anaweza kuwa na haki ya kupokea pesa hizo hadi uzeeni mwake, iwapo jina la mzazi wake liliandikwa, na likaandikwa sawasawa.

Makala haya ni ya kutoa taarifa na si ushauri wa kisheria. Ukiwa na mgogoro juu ya wimbo, wasiliana na ofisi ya hakimiliki ya nchi unayoishi au na watoa msaada wa kisheria walio karibu nawe.